Kinama: mtaa ulikuwa wa nani?

Vijana wenzangu, sisi tuliotoka Kongo tukipanga chumba Kinama, jirani anauliza mapema tu: «Wewe unatokeaga wapi?» Nilichukia sana swali hilo, mpaka wazee wa hapa waliponieleza limetoka mbali.

Kabla ya vita, Wahutu walikuwa wengi Kinama na Kamenge, lakini Watutsi walikuwa majirani humo, wakikopeshana chumvi. Tarehe 21 Oktoba 1993 rais Melchior Ndadaye aliuawa. Kufikia 1995 kartiye zilikuwa zimegawanyika: Wahutu huku Kinama, Watutsi Ngagara na Cibitoke. Kuvuka barabara tu kuliweza kukuua.

Vijana ndio waliovutwa kwenye makundi, kama Sans Échec upande wa Watutsi. Si kwamba wote walipenda damu, hapana! Kundi lilimpa kijana wenzake, jina, na mtu wa kumlinda usiku. Asiye na kundi alishukiwa na pande zote mbili.

Mwaka huohuo wa 1995, kule Marekani, wanasaikolojia Roy Baumeister na Mark Leary waliandika kwamba kuwa na watu wako ni hitaji la binadamu, si anasa. Kinama walishalijua, na kwa uchungu.

Jirani Kamenge, Centre Jeunes ya mapadri Waksaveri ilikuwa inakusanya vijana wa kartiye sita za kaskazini, makabila yote. Mpira, vitabu, muziki. Mimi nilipoenda mara ya kwanza niliulizwa: «Unacheza namba ngapi?»