Farasi wa Balkh na Ndege za B-52

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 2001, helikopta iliwateremsha makomandoo 12 wa Kimarekani katika bonde la Dara-i-Suf, kusini mwa Mazar-i-Sharif, mji mkuu wa mkoa wa Balkh, Afghanistan. Wapenzi wa mashairi wanaijua Balkh kwa jina la Rumi. Mwenyeji wa makomandoo hao alikuwa Jenerali Abdul Rashid Dostum, Muuzbeki aliyeitumikia serikali ya kikomunisti kisha akaiasi mwaka 1992. Aliwapa farasi, na wengi wao hawakuwa wapandaji.

Vita vyenyewe vilikuwa vya ajabu. Wageni walijibanza vilimani wakizielekeza ndege za B-52, zilizopaa juu mno, zipige mahandaki ya Taliban. Vumbi halijatua, wapanda farasi wa Dostum huwa wameshatimka. Tarehe 10 Novemba Mazar ilikuwa mikononi mwao.

Lakini mshirika huja na visasi vyake. Taliban walipouteka mji huo mwaka 1998 waliwachinja Wahazara kwa wingi, na hayo hayakusahauliwa. Mwishoni mwa Novemba 2001, mateka waliojisalimisha Kunduz walishindiliwa ndani ya makontena kupelekwa gereza la Sheberghan. Wengi walikufa kwa kukosa hewa, wakafukiwa katika jangwa la Dasht-i-Leili. Idadi yao ingali inabishaniwa: mamia, wasema wengine, 2,000, wasema wengine.

Tarehe 14 Agosti 2021 Taliban waliingia tena Mazar. Dostum alikimbilia Uzbekistan.