Fyuzi Ndani ya Plagi na Unene wa Waya Ukutani

Plagi ya pini tatu bapa inayotumika Kenya, Uganda na Tanzania ina fyuzi ndani yake, na fyuzi hiyo ni tunda la mjadala wa Waingereza kuhusu unene wa waya. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, nyumba za Uingereza zilikuwa na soketi za pini za mviringo za ampea 2, 5 na 15, na kila soketi ya ampea 15 kwa kawaida ilivutiwa waya wake kutoka kwenye boksi la fyuzi. Mwaka 1942, nyumba nyingi zikiwa zimebomolewa kwa mabomu na shaba ikiwa adimu, kamati iliundwa kupanga umeme wa nyumba za baada ya vita. Mwanamke pekee ndani yake alikuwa mhandisi Caroline Haslett, mtetezi mkubwa wa usalama wa watumiaji. Walichopendekeza ni duara: waya utoke kwenye boksi, upite soketi hadi soketi, kisha urudi ulikoanzia. Mzigo ukigawanyika njia mbili, waya wa nyuzi saba, kila uzi ukiwa na kipenyo cha inchi 0.029, uliweza kuwekewa fyuzi ya ampea 30, ambayo ni kubwa mno kwa waya huohuo ukiwa na njia moja. Lakini kamba nyembamba ya taa ya mezani isingeokolewa na fyuzi ya 30. Ndiyo maana plagi iliyotolewa mwaka 1947 ikapewa fyuzi yake, isiyozidi ampea 13.

Wapo wanaosema huo ulikuwa ubahili wa shaba tu. Shaba ilichangia, sikatai. Hata hivyo, tangu enzi za mwanafizikia Joule ilijulikana kwamba mkondo ukiongezeka maradufu, joto ndani ya waya huongezeka mara nne, na kamati haikuikiuka kanuni hiyo. Ilichofanya ni kuchagua waya na mlinzi wake kwa pamoja. Pingamizi zito zaidi ni kwamba duara likikatika mahali, soketi zote huendelea kuwaka huku waya ukibeba kupita uwezo wake bila mtu kujua. Ni kweli, na inathibitisha hoja yangu: waya uleule, ukiwa salama jana, leo ni hatari kwa sababu njia imebadilika na fyuzi imebaki ileile.

Karibu na 1970 vipimo vya inchi viliachwa, na nafasi ya zile nyuzi saba ikachukuliwa na waya wa milimita 2.5 za mraba, ambao hadi leo ndio waya wa soketi kwetu. Ukivutwa duara, breka (mlinzi wa siku hizi badala ya fyuzi ya kwenye boksi) ya ampea 32 inakubalika. Ukivutwa njia moja, kwa kawaida ni 20. Kwa hiyo fundi akitaka kukuwekea breka kubwa zaidi kwa kuwa ndogo "inakatakata", muulize kwanza waya uliomo ukutani ni wa milimita ngapi, na kama unarudi kwenye boksi.