Ekzosi mbili, ekzosi ya njia mbili, ekzosi ya midomo miwili

ekzosi nm [i-/zi-] mfumo wa mabomba unaopokea moshi kutoka kwenye injini, kuupunguzia mshindo na kuutoa nyuma ya gari. Pia: *eksozi, egzosi*. Visawe: *bomba la moshi, bomba la kutolea moshi*. Linganisha: *dohani*.

Neno hili limetoholewa kutoka Kiingereza, na tahajia yake haijatulia kwa sababu ya konsonanti mbili zinazofuatana bila irabu kati yake. Tahajia inayopendekezwa hapa ni *ekzosi*. Visawe vyake vya Kiswahili vinaeleweka vizuri, ingawa katika gereji havisikiki sana. Ugumu wa matumizi hauko katika neno lenyewe. Unaanza pale idadi inapoongezwa.

Kirai *ekzosi mbili* kina maana tatu. Ya kwanza ni ya dukani: vipuri viwili vya aina moja, kama katika "ameagiza ekzosi mbili kutoka Dar es Salaam". Ya pili ni ya gari ambalo kila upande wa injini una bomba lake linalosafiri peke yake hadi nyuma. Ya tatu ni ya gari lenye bomba moja linalogawanyika karibu na bampa na kutokeza midomo miwili. Maana ya pili na ya tatu hutofautiana kwa bei, kwa uzito na kwa faida, lakini mtu aliyesimama nyuma ya gari huona kitu kilekile. Mwenye gari wa Mtwara aliyeuza korosho zake na kumwambia mchomeleaji "nifungie ekzosi mbili" anaweza kulipia bomba, vishikizo na siku nzima ya kazi, kisha akapewa pambo. Fundi naye hatakuwa amedanganya, kwa kuwa maneno aliyopewa yanaruhusu kazi hiyo.

Kwa hiyo watafsiri na walimu wa ufundi wanashauriwa kutaja kinachohesabiwa. Zinapohesabiwa njia za moshi, iandikwe *ekzosi ya njia mbili*. Inapohesabiwa midomo ya nyuma, iandikwe *ekzosi ya midomo miwili*. Upatanisho wa kisarufi nao husaidia kuondoa utata: *ekzosi ya njia mbili imetoboka* ni mfumo mmoja wenye tundu, ilhali *ekzosi mbili zimetoboka* ni vitu viwili. *Ekzosi pacha* hupendeza masikioni, lakini haisemi kilicho pacha ni njia au ni mdomo.

Tofauti hii inatokana na umbo la injini, na mtafsiri asiyeijua atakosea hata kama sarufi yake ni safi. Injini ya Toyota Mark X ni ya V6: silinda tatu upande huu na tatu upande ule, kila upande ukiwa na manifoldi yake ya ekzosi. Hapo njia mbili zina maana, kwa sababu moshi umekwisha kugawanyika tangu mwanzo. Mara nyingi njia hizo huunganishwa katikati kwa kipande chenye umbo la H au la X, ili mishindo ya pande mbili isawazike. Altezza ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja ni habari nyingine. Moshi wake wote unakusanywa katika manifoldi moja, na bomba moja lenye kipenyo kinachofaa linautosha. Kuligawanya huko nyuma huongeza uzito na sura bila kuongeza nguvu. Tena, bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi hupoteza kasi yake, na gari huwa zito linapoondoka, hasa injini ikiwa bado katika mizunguko ya chini.

Subaru yenye tabo moja inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ndiyo hutajwa mara nyingi katika mazungumzo ya mngurumo. Silinda zake zimelala pande mbili zinazotazamana, jambo linaloweza kumfanya mtu adhani kwamba njia mbili zinawezekana. Lakini moshi wa pande zote lazima upite katika tabo hiyo moja, na baada ya hapo kinachoweza kufanyika ni kuugawanya upya tu. Mngurumo wa kukatakata wa Impreza za zamani ulitokana na mabomba ya manifoldi yenye urefu usiolingana, wala si idadi ya midomo. Anayefunga midomo miwili akiutafuta mngurumo huo anautafuta mahali usipoanzia.

Maneno mengine ya mfumo huu yamekwisha kupata makazi, na hayahitaji kubuniwa upya. *Sailensa* ni kile chombo kinene kinachopunguza kelele. *Masega* ni istilahi nzuri ya mafundi wa Tanzania. Inataja kifaa chenye vitundu vingi vidogo, kilichopakwa madini kama platini na paladi, ambacho hubadilisha gesi zenye sumu kabla hazijatoka nje. Umbo lake kwa kweli ni la sega la nyuki, na neno hilo linashinda tafsiri ndefu zinazotungwa mezani. Anayefunga njia mbili kamili anahitaji masega ya kila njia, na sensa za oksijeni zirudishwe mahali pake. Zisiporudishwa, taa ya injini itawaka kwenye dashibodi. Msemo *kutoa masega* hutumika gereji kana kwamba ni matengenezo ya kawaida. Mtafsiri anapoukuta auache ulivyo, ila asiufasiri kuwa ni kusafisha: ni kuondoa.

Neno *bomba* lina historia ndefu zaidi ya gari. Limeingia kutoka Kireno, ambako maana yake ni pampu, na mwambao wa kusini umelitumia kwa maji, kwa mafuta na, katika miaka ya karibuni, kwa gesi. Mtwara *bomba* likitajwa peke yake linaweza kuamsha kumbukumbu ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, lililozua mvutano mkali mwaka 2013 na kuzinduliwa mwaka 2015. Hapa ndipo kosa la tafsiri linapoweza kumdhuru mtu. Baadhi ya miongozo huita ekzosi *bomba la gesi chafu*, na baada ya mistari michache hulifupisha kuwa *bomba la gesi*. Tanzania ina magari yanayotumia gesi asilia iliyoshindiliwa, na chini ya gari la namna hiyo *bomba la gesi* ni mfereji wa nishati wenye mgandamizo mkubwa sana. Maagizo yanayosema "kata bomba la gesi kisha chomelea" yanaweza kuua. Iandikwe *bomba la moshi* au *ekzosi*, kila mara, bila kufupisha.

*Moshi* nao una mpaka wake. Kaboni monoksidi haionekani wala hainuki, kwa hiyo sentensi "hakuna moshi ndani ya gari" haithibitishi kwamba maungio ya ekzosi hayavuji. Katika maandishi ya usalama *gesi za ekzosi* ni bora kuliko *moshi*.

*Dohani*, lenye asili ya Kiarabu, hufaa kwa nyumba, kiwanda na meli. *Merikebu ya dohani* ilikuwa meli ya moshi, na msomaji wa Mikindani akikuta "gari la dohani mbili" ataona kwanza chombo cha baharini. Litumike katika ushairi.

Kuhusu malighafi, tahadhari iwepo kwa *chuma cha pua*. Katika Kiswahili cha kamusi za zamani *pua* ni feleji kwa jumla, ambayo hushika kutu. Siku hizi kirai hicho hutumika kwa chuma kisichoshika kutu, na mnunuzi hawezi kujua anauziwa kipi. Kati ya Mikindani na Msimbati, ambako upepo hubeba chumvi, jambo hilo lina uzito. Njia mbili hugawana joto la injini moja, hivyo kila bomba hupoa zaidi na maji hubaki ndani ya sailensa baada ya safari fupi. Kutu huanza ndani na nje kwa pamoja. Iandikwe *chuma kisichoshika kutu*. Aidha, mabomba mawili huchukua nafasi zaidi chini ya sakafu, na kwenye mchanga wa Msimbati, karibu na maingilio ya Mto Ruvuma, gari lililoshushwa hukwaruza kwanza hapo.

Mwisho, jina la gari lenyewe. *Gari la mwendokasi* lilikuwa chaguo zuri hadi mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam yalipoanza kazi mwaka 2016 na kulichukua neno. Sasa "ekzosi ya mwendokasi" ni ekzosi ya basi. *Gari la utendaji* ni tafsiri ya neno kwa neno isiyoeleweka na mtu. *Gari la kasi* linatosha, na panapohitajika ufafanuzi, *gari lenye injini ya nguvu*. Ng'ambo ya Ruvuma, Kireno cha Msumbiji huiita ekzosi *escape*. Neno hilo likionekana katika karatasi za gari lililovuka mpaka, lisifasiriwe kwa kitenzi *kutoroka*.

Tazama pia: *bomba, dohani, manifoldi, masega, pua, sailensa*.