Jina "Zanzibar" katika Kiingereza: Mji, Kisiwa au Dola?

Mwaka 1872 Richard Burton alichapisha jijini London kitabu cha juzuu mbili alichokiita Zanzibar: City, Island, and Coast, yaani mji, kisiwa na pwani. Kwa mwanaisimu, anwani hiyo ni ushahidi kwamba katika Kiingereza cha karne ya 19 jina moja lilibeba maana tatu. Kuna haja, basi, ya kuuliza maana hizo zilitoka wapi, na zimeacha athari gani katika uchunguzi wa Kiswahili.

Chimbuko la jina lenyewe ni pana kuliko kisiwa. Kwa kawaida huhusishwa na Kiajemi: zangi, mtu mweusi, na bar, pwani. Lilitaja ukanda ule ule ambao wanajiografia wa Kiarabu waliuita nchi ya Zanj. Kisiwa kilikuwa na jina lake, Unguja. Mapema katika karne ya 13 Yaqut al-Hamawi alikwisha kutaja kisiwa cha Lanjuya, jina ambalo wanahistoria hulihusisha na Unguja. Mwishoni mwa karne hiyo Marco Polo alieleza kwamba Zanzibar ni kisiwa chenye mzingo wa maili 2,000. Kisiwa cha namna hiyo hakipo; yamkini jina la pwani lilifika masikioni mwake likadhaniwa kuwa la kisiwa.

Waingereza walilipokea jina hilo kwa njia ya bahari. Meli ya Edward Bonaventure, chini ya James Lancaster, ilitia nanga huko kati ya mwaka 1591 na 1592. Kwa mabaharia, Zanzibar ilikuwa bandari. Baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja, na hasa baada ya Oman na Zanzibar kutenganishwa mwaka 1861, jina hilo likawa pia la dola iliyodai mamlaka juu ya sehemu kubwa ya pwani. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 unadhihirisha utata uliozaliwa: ibara moja inazungumzia milki za Sultani wa Zanzibar, kisha papo hapo inataja visiwa vya Zanzibar na Pemba vilivyomo katika milki hizo. Zanzibar ya kwanza ni dola. Ya pili ni kisiwa cha Unguja peke yake.

Katika taaluma ya lugha, utata huu una uzito wa pekee. Mwaka 1870 Edward Steere alitoa mwongozo wake wa Kiswahili, ambao anwani yake ya Kiingereza inasema ni lugha inavyozungumzwa at Zanzibar. Kihusishi at, tofauti na in, hukitazama mahali kama nukta, na ndicho kilichozoeleka kwa bandari na vituo vya safari. Lugha aliyoieleza Steere ilikuwa hasa ile ya mjini. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kilichokusudiwa kilikuwa lahaja hiyo hiyo ya mjini. Hata hivyo, maandishi mengi ya Kiingereza yaliiita kwa ufupi lahaja ya Zanzibar, na msomaji wa mbali akaelewa kuwa ni usemi wa visiwa vyote.

Sivyo. Kimakunduchi na Kitumbatu vimo katika eneo la Unguja, na Kipemba kina sura zake. Mtoto wa Makunduchi, ambaye kwa Kiingereza ni mwenyeji wa Zanzibar, anaweza kusahihishwa darasani kwa kutozungumza lugha iliyopewa jina la kwao. Hali kadhalika, mtafiti anayenukuu mfano wa "lahaja ya Zanzibar" bila kutaja mahali ulipokusanywa humwachia msomaji data isiyopimika.

Dola ya pwani imekwisha kutoweka. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, yakafuata Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na Muungano na Tanganyika tarehe 26 Aprili mwaka huo huo. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inaeleza eneo lake kuwa ni visiwa vya Unguja na Pemba pamoja na visiwa vidogo vinavyovizunguka. Kiswahili, kwa hiyo, kinayo majina mawili kwa vitu viwili: Zanzibar ni nchi, Unguja ni kisiwa. Kiingereza nacho kimeanza kuliazima jina Unguja katika maandishi ya kitaalamu, ingawa wengi wangali wakikiita kisiwa hicho Zanzibar.

Tofauti hii inamhusu mfasiri kwanza. Akikuta katika hati ya mwaka 1890 maneno ya Kiingereza yanayotaja visiwa vya Zanzibar na Pemba, aandike "Unguja na Pemba". Akiandika "Zanzibar na Pemba" atakuwa amelihamisha kila neno mahali pake, lakini kwa msomaji wa leo atakuwa ameitoa Pemba nje ya nchi yake.