Nani Atasema Hekima ya Wabantu?

Katika vyuo vikuu walimu na wanafunzi hukaa pamoja: mmoja hutoa neno, wengine hulipima na kulipinga. Huo ndio mkutano unaoitwa semina. Swali moja kubwa linalopimwa huko mpaka leo lilitoka kwetu Katanga: je, Wabantu wana filosofia yao?

Padri Placide Tempels, Mfransiskani wa Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933, akakaa kati ya Baluba. Aliona kwamba watu walipokea mafundisho, lakini shida ilipowapata walirudi kwa desturi za mababu. Basi akaanza kuuliza na kusikiliza. Mwaka 1945 kitabu chake kilitolewa kwa Kifaransa katika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Alisema: kwa Muntu, kuwa ni kuwa na nguvu ya uzima. Baraka, laana, dawa na ukoo, vyote huongeza nguvu hiyo au huipunguza.

Wengi walifurahi, maana Wazungu wengi wa siku zile walidhani mawazo ya Mwafrika hayana mpango. Lakini mwaka 1950 Aimé Césaire wa Martinique alikipinga kitabu kwa ukali. Mtu aliyenyimwa mshahara wa haki, nyumba na chakula, sifa ya filosofia yake itamshibisha?

Mwaka 1956 Padri Alexis Kagame wa Rwanda alitoa kitabu chake. Yeye alishika lugha yenyewe. Katika Kinyarwanda alipata mafungu manne: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu, yaani mtu, kitu, mahali na namna. Tazama, hata Kiswahili chetu ni ndugu wa maneno hayo!

Mwaka 1965 Franz Crahay alisema katika Léopoldville kwamba methali na desturi hazijawa bado filosofia. Yafaa mtu asimame kando, ayapime mawazo yake mwenyewe. Katika miaka ya 1970 Paulin Hountondji wa Benin akaongeza: Tempels aliwaandikia Wazungu habari za Wabantu, na Wabantu wenyewe hawakualikwa kusema. Tena kabila zima haliwezi kuwa na wazo moja. Filosofia ina mwenyewe, naye hujibiwa na wenzake.

Neno hili ni zito. Tukisema tu «wazee walifikiri hivi», tunawaheshimu kwa mdomo, kumbe tunawafanya wote kuwa mtu mmoja asiye na jina. Lakini nani asiyejua kwamba barazani mzee mmoja husema, na mwingine humkatalia mpaka jua linatua?

Basi, ninyi mnaokusanya hekima ya vijiji vyetu, fanyeni hivi: andikeni neno, andikeni jina la aliyelisema. Halafu andikeni pia jina la aliyempinga, na sababu yake.