Kuwa karibu na mtu si kumjua
Wasee, msiamini kitabu cha maisha ya mwanamuziki ati kwa sababu mwandishi alikuwa mtu wake wa karibu. Mimi niliamini. Anton Schindler alikuwa karani wa Beethoven, na 1840 akatoa kitabu kumhusu. Beethoven alikuwa kiziwi, kwa hivyo wageni walimwandikia maneno kwenye vijitabu. Kumbe baada ya Beethoven kufa 1827, Schindler alichomekea humo mazungumzo ya uongo! Wataalamu walimnasa miaka ya 1970. Ile stori kwamba Simfoni ya 5 inaanza na hatima ikibisha hodi? Ilitoka kwa huyo huyo. Siku hizi namuuliza mwandishi kwanza: umejuaje? Kitabu kisichojibu, hata kiwe kitamu aje, kwangu ni udaku tu.