Kifua cha Gauni

Fundi cherehani wa Tandika, Temeke, akiletewa kitenge huanza na kifua. Sketi huweza kuikadiria kwa jicho. Sehemu ya juu yataka futi kamba: mzunguko wa kifua, kiuno, na urefu kutoka begani. Kisha hupiga mikunjo midogo chini ya matiti ili kitambaa kiufuate mwili. Hapo ndipo sifa ya fundi hupatikana au hupotea.

Mshono huu una nasaba ya ng'ambo, na lugha yetu haikuificha. Kanchiri, jina kongwe la vazi la kubana kifua, ina undugu na kanchali ya Wagujarati. Sidiria yatokana na sadr, kifua kwa Kiarabu. Gauni na blauzi tumezipata kwa Waingereza. Wala si ajabu: katika karne ya 19 wanawake wengi wa pwani hawakukatiwa nguo, walijifunga. Merikani na kaniki zilikazwa kifuani kwa fundo, na kanga ilipozifuatia mwishoni mwa karne hiyo ilifungwa vivyo hivyo.

Mwaka 1968 ugeni ukageuzwa kosa. Mwezi Oktoba Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio dhidi ya sketi fupi, mawigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana. Operesheni Vijana ikapangiwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Siku hiyo haikungojwa. Makundi ya wanaume yaliwavamia wasichana Kariakoo, magauni yao ya kubana yakachanwa hadharani. Heshima ya mwanamke ikalindwa, ati, kwa kumvua nguo!

Mwaka huohuo kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo, sehemu iliyokuja kuwa ya Wilaya ya Kinondoni kwa miaka mingi. Kilijengwa kwa msaada wa China, kikatoa kanga na vitenge. Mafundi wa uswahilini wakavikata vitambaa hivyo kwa mkato uleule wa Ulaya, na gauni la kitenge likaingia harusini bila kuulizwa kwao.

Ugomvi uliobaki ni wa kibandani. Binti ataka libane. Mama yake ataka liachie. Fundi huwaitikia wote wawili, akambania binti, kisha akaacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono wa ubavuni.